Koti la Mjomba Salehe

Wanafunzi wa shule ile ya Mafiga walimpa Mwalimu Filomena jina la Madam Kinyaa, na jina lilimkaa sawasawa. Pua yake ilikuwa nyepesi kukunjamana. Akipewa kikombe cha chai ofisini, lazima akisuuze mwenyewe, akikague kwenye mwanga wa dirisha, kisha akisuuze tena, hata kama aliyekiosha yupo palepale anamtazama. Kwenye sherehe alifika ameshashiba. Mtu akimkaribisha mezani, jibu lake lilikuwa moja, "Ahsante, nimetoka kula sasa hivi," na waliomzoea walishaacha kujisumbua. Alikuwa mjane wa makamo mwenye nyumba ndogo iliyopigwa deki mpaka sakafu inateleza.

Ila kinyaa chake kikubwa hakikuwa cha vikombe. Kilikuwa cha watu wanaosema hili na kutenda lile.

Alifundisha Historia. Kidato cha Tano, ilipofika zamu ya Marekani, walimu wengine walisomesha reli na viwanda na vita ya wenyewe kwa wenyewe, wakafunga kitabu. Yeye alichomeka la kwake, ambalo halikuja hata kwenye mtihani: wale watu wa karne ya kumi na tisa waliojitwika kazi ya kuisafisha nchi yao. Walikuwepo waliopigania watumwa waachiwe huru. Walikuwepo waliotaka pombe ipigwe marufuku, wanawake wakipiga magoti milangoni mwa baa, wanaimba na kusali mpaka mwenye baa amwage mapipa barabarani. Wengine walidai shule za bure, wengine kura kwa wanawake. Wanafunzi walidhani atawasifu. Thubutu! Aliwachambua kama mchele wenye mawe.

"Huyu analia machozi juu ya mtumwa," alisema, "halafu mtu mweusi huru akiingia mkutanoni anaonyeshwa benchi la nyuma. Yule anawakataza vibarua wake ulevi, lakini mshahara anaowapa haumshibishi paka. Kefule! Andikeni."

Mmoja tu alimwacha salama. Huyo alikuwa mwalimu wa kike wa Massachusetts, mgonjwamgonjwa, ambaye siku moja ya Machi mwaka 1841 aliombwa akawafundishe Biblia wanawake waliofungwa jela. Akakuta humo wagonjwa wa akili wamechanganywa na wahalifu, chumba hakina moto, na huko kwao ni baridi ya kugandisha maji. Akauliza kulikoni. Akajibiwa kwamba vichaa hawasikii baridi. Basi yule mama akalizunguka jimbo zima, jela moja baada ya nyingine, akaona watu wamefungwa minyororo kwenye mabanda na maghala, akayaandika yote ili yafike bungeni. Hapo ndipo Filomena alipochafukwa roho kila mwaka, maana mwanamke hakuruhusiwa kusimama bungeni kusema. Ikabidi mwanaume amsemee.

"Macho yake, miguu yake, uchungu wake," alisema akigonga ubao, "halafu mdomo wa mtu mwingine! Mimi nisingekubali. Ningeingia nikasema mwenyewe."

Darasa lilicheka, na yeye aliridhika.

Kwao Filomena ni juu, milima ya Uluguru, upande wa Mgeta, ambako kabichi na njegere hustawi kwa ubaridi uleule unaowavalisha wazee makoti mchana kweupe. Ukoo wao ni nusu msikiti nusu kanisa, na hakuna aliyewahi kugombana kwa hilo, kwa sababu kinachomfunga Mluguru ni tumbo la mama. Ardhi ni ya upande wa mama, na neno la mwisho ni la mjomba. Mjomba wao alikuwa Salehe, kaka wa marehemu mama yao, mzee mrefu mwenye koti zito la mtumba, la kijani, alilolivaa kuanzia Januari mpaka Desemba. Watu walisema analala nalo.

Na alikuwepo Eustace, mdogo wake Filomena, kitinda mimba. Alikwenda kukata miwa kwenye mashamba ya sukari akiwa kijana mchangamfu, akarudi anasikia sauti ambazo wenzake hawazisikii. Filomena alimshusha mjini Mafiga, akampeleka hospitali, dawa zikamtuliza, naye akapanda tena mlimani kulima njegere zake. Lakini huko juu mtu akipata nafuu huonekana amepona, na aliyepona anywe dawa za nini? Dawa zikaachwa. Sauti zikarudi. Siku moja Eustace akalitia moto banda la mjomba, likateketea pamoja na mbegu zote za viazi.

Baada ya hapo Filomena aliambiwa kwa simu kwamba mdogo wake amepelekwa kwa mganga wa mbali, anaendelea vizuri, asihangaike kupanda. Kila alipopiga simu jibu lilikuwa hilohilo. Anaendelea vizuri.

Machi mwaka huu, Mama Mkubwa Mwanahawa, dada wa mama yake, alipozidiwa na uzee, Filomena akapanda kumwona. Alikuwa uani akinawa mikono kwa sabuni aliyokuja nayo mwenyewe kwenye mkoba, ndipo akasikia kikohozi nyuma ya jiko. Kilikuwa kikohozi kizito cha mtu, kikitoka kwenye kibanda kilichokuwa cha mbuzi. Wanawake waliokuwa wakimenya viazi pale walianza ghafla kuongea kwa sauti kubwa, wote kwa pamoja. Filomena akawatazama, akawapita, akasukuma mlango.

Harufu ilimfikia kabla ya kuona chochote, akatapika palepale mlangoni. Alipoinua uso alimwona Eustace ameketi juu ya magunia, ndevu zimefika kifuani, mguu wake mmoja umefungwa kwenye nguzo kwa mnyororo na kufuli, ile minyororo ambayo vijana wa bodaboda hufungia pikipiki zao. Hakukuwa na blanketi wala dalili ya moto.

"Shikamoo, dada," Eustace alisema, kwa adabu ileile ya utotoni.

 Filomena alitoka mbio mpaka barazani, alikokuwa Mjomba Salehe anakunywa chai.

"Mjomba, yule ni mtu!"

"Kwani nani kasema ni mbuzi?" Mjomba akapuliza chai yake. "Anakula. Kila siku anapelekewa."

"Hana hata moto! Usiku huku maji yanauma mikono!"

"Tumpe moto achome tena? Umesahau banda langu?" Akanywa funda moja, akajifuta mdomo kwa mkono wa koti. "Halafu wewe umesoma, hujui? Watu wa namna ile hawasikii baridi."

 Maneno ambayo Filomena alikuwa akiyarudia darasani miaka nenda miaka rudi, kwa sauti ya kubana pua, yalikuwa yanamtoka mjomba wake mwenyewe aliyemlipia nauli ya kwenda sekondari. Hakujua amchukie nani kwanza. Aliwachukia wale wanawake wa viazi. Aliwachukia majirani waliopita njia ile na majembe yao kila asubuhi, wakakisikia kikohozi, wakaenda zao kupalilia. Alilichukia hata koti, jinsi lilivyofungwa vifungo mpaka juu.

Aliomba aondoke na Eustace siku ileile. Mjomba akakataa. Mtu wa ukoo hatolewi nje akaonyeshwe watu wa mjini kama sinema, alisema. Filomena alipotaja ustawi wa jamii na polisi, mzee akatabasamu. "Walete. Watakuta kibanda kitupu. Milima hii ni mikubwa." Akaupapasa mfuko wa koti, na Filomena akasikia ufunguo ukigongana na sarafu.

Basi akafanya alichokuwa akijigamba nacho darasani. Aliomba kikao cha ukoo, akasimama, akasema mwenyewe. Aliwaambia kinyaa chote alichokuwa nacho. Aliwasimulia yule mama wa Marekani na jela yake ya baridi, akawaambia kwamba aibu ile Wazungu waliiona zamani, ninyi mnaikumbatia leo. Akasema ukoo mzima unanuka. Alisema mbele ya wakwe, mbele ya wake wa wapwa, mbele ya watoto.

Wazee waliinamisha vichwa mmoja baada ya mwingine, na si kwa kujuta. Maana kwao neno chungu namna ile lina mtu wake wa kulisema, na mtu huyo huwa si ndugu. Ndugu akiutukana ukoo mbele ya wageni, kosa lote humhamia yeye.

"Umemaliza?" Mjomba akauliza. "Kwa hiyo umetuletea Mzungu aliyekufa aje kutufundisha kulea? Sisi tunanuka. Sawa. Rudi kwako kunakonukia."

Kikao kikaisha hapo. Filomena akashuka mlima peke yake, na kuanzia siku hiyo simu zake hazikupokelewa.

Aprili ikapita, Mei ikapita na mvua zake. Filomena alifundisha kama mtu anayetafuna mchanga. Kila asubuhi Mafiga ilipopoa kidogo, alihesabu moyoni kwamba kule juu kumepoa mara mbili zaidi, na kwamba Juni na Julai zinakuja, na kikohozi kile hakikuwa cha kuvuka Julai bila moto. Hilo alilijua wazi. Akimwacha mpaka msimu wa baridi uishe, ataitwa kuzika.

Juni ikaanza kwa msiba. Mama Mkubwa Mwanahawa alifariki, na msiba haumfungii mtu mlango. Filomena akapanda.

Hakwenda moja kwa moja penye msiba. Alipofika bondeni alikata kushoto, akaenda kwa Pili.

Pili alikuwa mtani wao. Ukoo wake na ukoo wa kina Filomena walitaniana tangu mababu, na mtani kwenye msiba ni mtu wa ajabu: anamwigiza marehemu, anamtukana mwenye msiba, ananyakua kitu akitakacho na hakirudishi mpaka akombolewe, na kumkasirikia ni aibu kubwa kuliko yote anayoyafanya. Filomena alikuwa hawapendi watani. Mambo ya kelele na matusi mbele ya maiti yalimtia kichefuchefu, na Pili zaidi ya wote, bibi mnene wa meno machache, anayecheka mpaka anatema mate.

"Ohoo! Madam!" Pili akapiga makofi. "Umepotea njia? Hapa hakuna sabuni ya mkobani!"

"Shikamoo, mtani. Nina shida."

Akamweleza yote, juu ya kibanda, na baridi, na ufunguo ulio kwenye mfuko wa koti. Pili alisikiliza huku anakula makande kwenye bakuli la bati. Alipomaliza kusikiliza hakuwa anacheka tena.

"Mimi yule nimemwona," alisema. "Nilikuwa nangoja mmoja wenu aje. Mtani hajitumi mwenyewe kwenye kidonda cha watu. Mlikaa kimya wote, halafu wewe ukaenda kusema kwa mdomo wako, kama vile mimi nimekufa." Akalisogeza mbele bakuli lake, kidole gumba kikiwa ndani ya mchuzi. "Haya. Kazi ya mtani ina malipo. Kula."

Filomena akalitazama bakuli. Kijiko kilikuwa kimoja, na kilitoka kinywani mwa Pili wakati uleule. Alijua akisema ametoka kula sasa hivi, mazungumzo yameishia hapo. Akakichukua. Akala, akameza, machozi yakamtoka, akala tena mpaka chini, na Pili akimtazama kila kijiko bila huruma.

"Sasa wewe ni mtu," Pili akasema. "Twende tukazike."

Walimzika Mama Mkubwa mchana, manyunyu yakianguka, ukungu umeziba bonde lote. Waliporudi uani wanaume waliketi kwenye mabenchi chini ya turubai, wanawake kwenye mikeka, na Mjomba Salehe akakaa mahali pa mbele kama mkuu wa ukoo. Hajaketi vizuri, Pili akamjia kwa nyuma, akamshika kola, na kwa kufumba na kufumbua koti likawa mkononi mwake. Akalivaa yeye. Uwanja ukalipuka kwa kicheko.

Mjomba akabaki na kishati chembamba. Akacheka pia, kwa sababu lazima ucheke. "Haya mtani, umeshinda. Mpeni chake alirudishe."

"Sitaki chako. Koti unalitakia nini?"

"Baridi, mtani."

"Baridi?" Pili akageuka huku na huku akawatazama watu. "Jamani, kuna mtu wa ukoo huu anasikia baridi? Mbona mimi nimepita nyuma ya jiko nikamkuta mwenzenu kwenye magunia, hana shuka, hana moto, nikauliza, nikaambiwa hasikii? Mama yako ndiye bibi yake, tumbo moja. Yeye hasikii, wewe usikie kwa tumbo gani?"

Watu wakacheka, ila kicheko kilipungua kidogo. Mjomba akajikunyata.

"Mtani, yule ni mgonjwa wa akili."

"Aaa! Kumbe asiyesikia baridi ni chizi. Na chizi hapa anafungwa. Haya, nijibu nisikie: unasikia baridi, au husikii?"

Mzee hakujibu. Akisema anaisikia, atakuwa ameomba huruma asiyompa mpwa wake, mbele ya kijiji kizima. Akatazama pembeni, amekaza taya, na manyunyu yaliyopenya turubai yakimdondokea begani.

"Kanyamaza! Haisikii!" Pili akapiga kigelegele. "Tumepata chizi wa pili! Mnyororo uko wapi? Aa, uko mmoja tu, na una mtu. Basi tumfungue yule tumfunge huyu." Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akauinua ufunguo juu watu wote wauone, akazunguka nyuma ya jiko.

Hakuna aliyemzuia. Angemzuiaje? Mjomba alinyanyuka nusu, wazee wenzake wakamkonyeza akae, akakaa. Wale wanawake wa viazi walikuwa wanajifuta machozi ya kucheka. Filomena aliwatazama na roho ikamchafuka upya. Miezi yote hiyo walipita pale na ndoo zao hawajui, na leo wanajua, kwa sababu imekuwa mchezo. Wangemchekea hivyohivyo Mjomba akifungwa kweli. Wangerudi kwao wakasimulie jinsi msiba ulivyonoga.

Kisha Pili akatokea, mnyororo begani, amemshika Eustace mkono.

Eustace alitembea kama mtu anayekanyaga miiba, mguu wa kufuli ukiwa mwembamba kuliko mwenzake. Mwanga ulimuumiza, akainamisha uso. Harufu ikatangulia, na Filomena akaona khanga zikipanda puani, moja baada ya nyingine, mkeka mzima, kwa ule mkunjo wa pua alioufahamu vizuri kuliko mtu yeyote pale. Kicheko kilikuwa kimekufa. 

"Huyu hapa," Pili alisema, na sauti yake ilikuwa si ya utani tena. "Muulizeni wenyewe kama anasikia baridi."

 Eustace akainua uso, akawatazama wale watu mmoja mmoja, polepole, kama anayetafuta majina yao. Macho yakamfika mjomba wake. Mzee alikuwa ameshindwa kujizuia: kidevu kilimcheza, mikono ameibana kwapani, kishati kimemgandia mwilini.

Eustace akanyoosha mkono, akalivua koti mabegani mwa Pili. Akaenda nalo mpaka kwenye benchi, akikohoa, akamfunika nalo Mjomba Salehe, akamfunga na kifungo cha juu. Vidole vilimsumbua, akajaribu mpaka kikaingia. Kisha akawageukia watu, na pua yake ilikuwa imekunjamana kama ya dada yake.

"Ninyi ni watu gani?" akauliza. "Mzee anatetemeka, mmekaa mnamcheka."

Mjomba alijifunika uso kwa mikono ya koti lake, akabaki hivyo. Filomena akanyanyuka kutoka mkekani, akamshika Eustace mkono, akauzungusha mwingine kiunoni mwake, karibu kabisa, hakuziba pua. Walishuka hivyo taratibu kuelekea barabarani.